Makadirio ya Simu za Redio Rukanga

Siku yangu ya kwanza kazini katika shirika la simu, Voi, mapema miaka ya tisini, Msimamizi wa Mipango alinipa ramani ya wilaya na penseli, akaniambia, "Bi Saumu, kazi yako ni kujua watu watataka simu ngapi kabla wenyewe hawajajua." Nilidhani ananitania. Kumbe ndiyo kazi yenyewe, na iliitwa makadirio ya soko.

Ninyi mnaowekewa intaneti asubuhi, na kufikia mchana mmeanza kulalamika kwamba inakwenda polepole, hebu tulieni niwaeleze. Tulikuwa tunatembea kwa miguu tukitazama mapaa. Nyumba ya mabati yenye antena ya televisheni ilionyesha kuna mshahara. Tuliuliza pia nani ana jamaa Mombasa au Arabuni, maana watu huweka simu kwa ajili ya aliye mbali. Ukikadiria kupita kiasi, mitambo inaoza stoo. Ukikadiria chini, watu wanakaa miaka wakingoja.

Nilihamishiwa Mombasa, kisha nikarudishwa Voi mwishoni mwa miaka hiyo. Nguzo za simu za upande wa Kasigau zilikuwa zimelala chini, zimeangushwa na tembo. Mhandisi wa Mkoa, bwana mkali asiyependa maneno mengi, akatangaza kwamba zama za waya zimekwisha. Kulikuwa na simu ya redio: antena juu ya paa, kisanduku ukutani, na mawimbi kutoka mnarani yanafanya kazi ya waya. Mnara wa Rukanga, kijiji cha huko Kasigau, ungejengwa iwapo tu nyumba za kutosha zingeomba.

Rukanga nzima, nyumba moja tu ndiyo iliyokuwa imeomba, ya mkunga aliyeitwa Mama Wakesho. Nilimwendea.

"Majirani zako hawataki simu?"

"Wanataka sana. Si ndiyo hii niliyoomba? Mtu akiomba yake, ni kama anasema kwangu hakuingiliki."

Nilimweleza Mhandisi kwamba simu hiyo moja ingetumiwa na kijiji kizima. Akanikatiza. "Mimi naagiza mitambo, Bi Saumu. Siagizi majirani."

Nilirudi kumpa Mama Wakesho jibu. Akaniambia juu ya wanawake waliotokwa na damu wakisubiri lori la kuwapeleka Maungu, kwenye barabara kuu ya kwenda hospitali, na mmoja aliyemfia mikononi msimu wa mahindi. Machozi yalinitoka, siwafichi. Akajifunga leso, akaenda nyumba kwa nyumba, na mimi nyuma yake. Kila mlango alisema maneno yaleyale: "Niaibisheni. Ombeni simu yenu."

Waliona haya, lakini waliomba. Mzee Mwakio, jirani wa ukuta kwa ukuta, alifanya hivyo bila kumtazama usoni.

Mnara ukajengwa. Mafundi wakafika na visanduku, na kila nyumba ikawarudisha kwa upole, baada ya kuwapa chai. "Simu iko kwa Mama Wakesho," Mzee Mwakio aliwaambia. "Sisi tulikuwa tunamsaidia kuiita." Ikafungwa moja tu, kwake.

Mhandisi aliniita Mombasa. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Umeniwekea mnara wa nyumba moja."

"Bwana Mhandisi, mimi pia nilidhani watazichukua."

"Mkadiriaji halipwi kwa kudhani."

Niliondolewa Mipango nikawekwa dirishani, kupokea malipo ya simu, na huko ndiko nilikostaafia. Iliniuma sana. Nilikuwa naipenda kazi ile, na wenzangu walionipita vyeo walikuwa wakinisalimu kwa huruma, jambo baya kuliko matusi. Vijana wanaouza intaneti za nyumbani siku hizi huja kuniuliza soko linaelekea wapi. Nawaambia wasiishie kuuliza nani atanunua, waulize pia ni akina nani watakuja kuketi kwa huyo mnunuzi. Wanacheka, wanakunywa soda yangu, wanakwenda.

Wiki mbili baada ya simu ile kufungwa, Mama Wakesho aliipigia hospitali ya Voi kuomba gari. Mgonjwa alikuwa mke wa mwana wa Mzee Mwakio. Alifika akiwa hai, akajifungua salama. Katika makadirio yangu yote, na ya Mhandisi, mtoto yule hakuwemo.