Wiki ya Kwanza, Wiki ya Pili

Ratiba ya chakula cha wanafunzi niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu wa kujivunia, kwenye karatasi mbili za manila, nikazibandika ukutani jikoni. Wiki ya kwanza: Jumatatu makande, Jumanne ugali na mlenda wa karanga, Alhamisi wali na maharage. Wiki ya pili nilizipindua siku, ili watoto wasichoke. Wasichoke! Nilikuwa nimetoka semina ya lishe ya siku tatu Tabora mjini, nikarudi kijijini kichwa kimejaa matunda na mboga za majani.

Michembe niliikataa. Wazazi walikuwa tayari kuchangia viazi vyao walivyokata na kuanika, magunia kwa magunia. Nikasema hicho ni chakula cha njaa, shule haiwezi kuonekana inapika michembe. Wakaondoka na magunia yao.

Bibi mmoja alikuwa akimbakiza nyumbani mjukuu wake wa darasa la pili ili afukuze ndege kwenye mpunga. Nilimfuata kwake. Nikamwambia mtoto atakula shuleni, na ili aamini, nikamnakilia ratiba nzima kwenye karatasi ya daftari.

"Haya, mwalimu," akasema. "Kama imeandikwa, aje."

Mtoto akaja. Kusoma alijifunzia pale ukutani, kidole chake kikifuata neno wali.

Kisha mvua ikagoma. Mahindi yalikwisha, wazazi hawakuwa na cha kuleta, na ile michembe walishaila. Tukabaki na uji, halafu uji mwepesi, halafu jiko likapoa kabisa. Alhamisi ya wali mtoto alisimama mlangoni pa jiko na bakuli lake.

"Mwalimu, leo si Alhamisi?"

"Ni Alhamisi."

Akaangalia ukutani, kisha akaniangalia mimi. Hakulia. Afadhali angelia. Jumatatu hakuja, na hakuja tena.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu alinituma mjini. Wakaguzi wanakuja, manila zetu zimeshikwa na moshi, niandike ratiba mpya. Stoo hatuna hata debe moja la mahindi. Nilinunua manila Kanyenye, nikapanda treni, na niliposhuka stesheni yetu ya Igalula nikamkuta yule bibi anauzia abiria karanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu."

Akanieleza, bila hasira, kwamba mjukuu wake amempeleka Choma, kwenye nyumba ya watu, analea mtoto wao. Huko anakula kila siku. Niliona aibu hadi nikakosa pa kuweka macho. Ningefurahi kama angenitukana mbele za watu.

"Karatasi yako ninayo," akasema. "Alikuwa ananisomea. Siku mtakayopika kama ulivyoandika, uniambie, nikamchukue."

Kisha akaziona manila kwapani mwangu, akauliza ni za nini.

Nikamwambia ni za kuchorea ramani.