Niliacha betri ili niiuzie gridi umeme wa jua, nikaishia kuwahisha mayai kwa baba mkwe Mugeta

Wakuu, salamu kutoka Bweri, Musoma.

Hii stori nimeificha muda mrefu kwa sababu ya aibu. Ila jana nimeona jamaa humu anawatangazia watu kwamba betri za sola ni ushamba, nikasema hapana, huyu anataka kuwaponza wenzake. Acha niseme. Yamenikuta mimi mwenyewe, na mke wangu yupo hapa pembeni, nikiongeza chumvi atanisahihisha.

Iko hivi.

Nilipohamia Bweri nguzo za umeme zilikuwa bado hazijafika upande wetu. Tulikuwaga off-grid kabisa: paneli juu ya bati, inveta, na betri mbili kubwa kwenye kona ya sebule. Mama Nyanjura (ndiye mke wangu) alizifunika kitambaa cha kufuma, mgeni akija anadhani ni stuli.

Maisha yalienda. Taa zipo, TV ipo, na mama Nyanjura ana mashine yake ndogo ya kutotolesha vifaranga. Ile mashine ilikuwa inakaa kwenye betri mchana na usiku bila kelele.

Kisha nguzo zikafika. Na fundi naye akafika.

Akaniambia, "Boss, jua lote hili la Musoma, betri za nini? Gridi ndiyo betri yako. Mchana unatumia la kwako, linalozidi unawauzia, usiku unachukua kwao."

Wakuu, hilo neno "unawauzia" lilinilewesha. Nikaanza kujiona mtu wa nishati. Asubuhi nikiamka naliangalia jua mtu anavyoangalia ng'ombe wake wakitoka zizini.

Tukafunga inveta mpya ya kuungana na gridi, isiyotaka betri. Nikapeleka maombi ya mita ya kuuzia, nikaambiwa subiri. Fundi akaiseti isirushe umeme nje mpaka mita ije. Nikasema sawa, mimi tajiri mvumilivu.

Sasa zile betri za zamani zinaenda wapi?

Mama Nyanjura akasema ziwekwe stoo, huwezi kujua. Mimi nikasema aah, tuna wazee. Nikabeba betri, inveta ya zamani na paneli mbili mpaka Mugeta, kwa baba mkwe wangu, Mzee Makuru. Mzee ni mfugaji, umeme kwake haujafika.

Kama ningeshusha mzigo nikanyamaza, leo nisingekuwa na uzi. Lakini walikuwepo mashemeji, kulikuwa na nyama, nikasimama nikatoa hotuba. Nikasema, "Baba, pokea. Sisi wenzenu tumeshavuka huko. Betri ni vitu vya watu wa porini, mimi sasa naingia kwenye biashara ya umeme."

Mashemeji wakacheka. Mzee hakucheka. Alisema tu, "Asante, mkwe," akaendelea na mfupa wake.

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi, sema sikujua.

Ikaja siku yenyewe. Mashine ya mama Nyanjura imejaa mayai, na siyo yake peke yake. Akina mama wa kwaya wameleta ya kwao, mmoja kayatoa Suguti kwa basi, ameyapakata. Tangu tuhame betri, hilo ndilo lilikuwa toleo lake la kwanza kubwa la mayai ya watu wengine. Likiharibika, kwaya nzima inajua. Na mimi nilikuwa nimechomekea humo mayai yangu ya kuchi, wale kuku warefu, maana nilikuwa na ndoto za majogoo.

Imebaki siku moja au mbili yatotolewe. Asubuhi nikasikia lori limegonga nguzo huko barabarani. Umeme ukakatika mtaa mzima.

Mimi nikatabasamu. Nikatoka nje kabisa, jirani aone ninavyotabasamu. Jua linawaka kichizi. Nikamwambia, "Mkikwama na simu leteni kwangu, mimi nina mtambo."

Nikaingia ndani. Taa haiwaki. TV haiwaki. Mashine ya mayai kimya.

Aisee.

Nikapanda juu ya bati nikapangusa paneli, labda ni vumbi. Nikashuka. Kimya. Nikampigia fundi.

"Boss, hiyo ndiyo tabia yake. Gridi ikizimika na yenyewe inajizima, isije ikampiga shoti fundi aliyeko kwenye nguzo."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Wakuu, fikirieni. Paneli zimejaa bati zima, jua la kukausha dagaa, na ndani sina hata umeme wa kuchaji tochi. Jirani akaja na simu mbili na waya mkononi. Nikamwambia mtambo uko kwenye matengenezo. Akaniangalia, akaangalia jua, akaondoka.

Jenereta pekee la karibu liko msibani, huwezi kwenda kulichomoa. Mama Nyanjura akabandika maji jikoni kwa mkaa, akajaza chupa, akazizungushia mayai kwenye mashine, akafunika blanketi. Hakugomba. Waliooa mtanielewa, mke akigomba una nafuu.

Akasema, "Piga simu kwa baba, aombwe betri."

Nikamwambia mama Nyanjura, kitu umempa mkwe mbele ya watu, tena kwa hotuba, unakidaije? Nitaonekana mtu gani?

Akafunga kanga kiunoni. "Kama wewe unaona haya kudai betri, mayai hayaoni haya. Tunayapeleka huko huko."

Nilidhani anatania.

Nikaenda kukodi gari. Mashine tukaiweka siti ya nyuma, mama Nyanjura kaikumbatia na blanketi lake, mimi mbele na chupa za maji ya moto mapajani. Tulipofika Butiama chupa zimeanza kupoa, tukasimama kwenye kibanda cha chai kuomba maji. Mama wa pale akachungulia garini, akaona blanketi, akaona sura ya mke wangu. Akasema kwa huruma, "Jamani poleni. Mgonjwa anapumua?"

Dereva akamjibu, "Ni mayai, mama."

Alitupa maji bure, lakini alituangalia mpaka gari lilipoondoka.

Sasa fikeni Mugeta na mimi muone. Nje ya nyumba ya Mzee Makuru kuna benchi, kwenye benchi kuna watu, na mezani simu zimepangwa na nyaya zake. Mzee amekuwa shirika la umeme la kijiji! Anachajia watu simu kwa hela, tena kwa betri zangu. Samahani, kwa betri zake.

Nilikuwa nimepanga kuzungukazunguka kwanza, habari za ng'ombe, habari za mvua. Mama Nyanjura hakunipa nafasi. "Baba, mayai ya watu yanakufa."

Mzee alisimama akaanza kuchomoa simu. Kijana mmoja akalalamika, "Mzee, yangu iko nusu, unaitoa kwa ajili ya mayai?" Mzee akamwambia, "Simu yako ina roho?"

Tukachomeka mashine. Ikawaka. Wakuu, sioni aibu kusema, machozi yalinilengalenga. Nilikuwa sijawahi kuipenda taa nyekundu namna ile.

Hata sijamaliza kufuta macho, simu ikaita. Jirani wa Bweri: "Umeme umerudi!"

Nikasema turudi. Mama Nyanjura akaweka sikio kwenye mashine, akanionyesha kidole mdomoni. Vifaranga vilikuwa vimeanza kudonoa maganda. Sasa vikifikia hapo hutikisi tena, unakaa unasubiri. Na mkwe kulala nyumba moja na wakwe ni mwiko, kwa hiyo mfanyabiashara wa umeme alilala kwenye gari.

Vikatoka, wakuu. Siyo vyote, lakini vingi kuliko nilivyostahili. Mama Nyanjura alicheka akikimbiakimbia na kikapu kama msichana.

Wakati tunafungasha, Mzee akaja na tenga lake. Akasema taratibu, "Mkwe, ng'ombe wa mtu akizalia bomani kwangu, mimi mchungaji napataga ndama. Hivi navyo vimezaliwa bomani."

Nikamwangalia mke wangu anitetee. Akasema, "Ndiyo desturi, baba. Ila vya kwaya usiguse, chagua kwenye vya mkweo."

Mzee akainama, akachagua taratibu. Vyenye miguu mirefu vyote vikaenda.

Kwa hiyo kwenye ukoo wetu aliyewahi kuuza umeme wa jua mpaka leo ni mmoja, na hakuomba mita. Mteja wake mkubwa ni mimi.

Nilichojifunza: kabla hujafunga chochote, muulize fundi gridi ikikatika ndani kwako kutabaki nini. Kuuza ni kuzuri, mita ikija nitauza, lakini inveta yangu sasa ni ya kupokea vyote viwili, gridi na betri, na nimenunua betri mpya. Na ukimpa mkwe kitu, mpe ukae chini.

Mwezi uliopita Mzee alikuja kututembelea. Akaingia sebuleni, akaiona ile kona. Akafunua kitambaa cha kufuma, akazigusa betri, akarudisha kitambaa vizuri. Akaketi, akapokea chai.

Akasema, "Karibu tena porini, mkwe."

Haya, wenye sola njooni. Nani mwingine amewahi kukaa gizani na jua likiwaka juu ya bati lake? Na kama kuna mwenye mayai ya kuchi karibu na Musoma, aseme hapa hapa.