Propela ya Njau

Kaka yangu Njau ni mtu wa kujigamba, na Mugutha nzima inajua. Aliponunua lile gari kubwa la kuvuta kwa magurudumu yote manne, pasta aliitwa kuliombea, na sisi tukasimama juani tukisema amina kwa ajili ya matairi. Tangu hapo hakuna harusi wala mazishi ambayo hakuegesha mlangoni kabisa, watu wapite wakijibana.

Halafu ni bahili. Fundi mmoja wa kando ya barabara alimwambia aking'oa propela ya mbele, ile chuma ndefu inayopeleka nguvu kwa magurudumu ya mbele, gari litakunywa mafuta kidogo. Wako wengi wanaofanya hivyo, eti barabara siku hizi ni lami tu. Njau akaing'oa kimyakimya, na chuma akampelekea mama yetu kule Gatuanyaga, ilazwe bandani kuku wapate pa kulalia juu yake. Aliita hiyo zawadi.

Jumapili moja ya mvua, Njau na mimi tukiwa kwa mama, kifua kikambana mama. Nilitaka kumwita Makau, jirani mwenye pikipiki, amkimbize hospitali ya Thika. Njau akaniangalia kama nimemtukana. Mama yake abebwe na pikipiki, na gari kama lile liko uani? Tukampakia.

Pale bondeni barabara ilikuwa uji. Njau akavuta gia ya matope, ile ya kuamsha magurudumu ya mbele, taa yake ikawaka kwenye dashibodi, akatabasamu, mjinga yule. Gari likazama. Nikashuka kuangalia. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanarusha tope mpaka kwa ua wa shamba, na ya mbele yametulia kama wazee wanaongoja chai. Ndani mama alikuwa anavuta pumzi inayolia filimbi. Nikamuuliza Njau kwa nini ya mbele hayazunguki. Akajibu akiangalia usukani.

“Propela iko kwa kuku.”

Ngai! Nilitamani kumzaba kofi. Nikampigia Makau, akaja na pikipiki. Mama tukamweka katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, na Njau tukamwacha hapo alinde taa yake. Thika akawekewa oksijeni. Daktari alisema tungekawia kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine.

Unadhani aliona haya? Wapi! Anaambia watu tope la siku ile lingeshinda hata trekta. Juzi aliirudia hadithi hiyo kwa mama, mbele ya wageni wa kanisa waliokuja kumwona, mkono mmoja ukipunga ufunguo wa gari. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

“Njau, enda utoe chuma yako kwa kuku. Makau ananiletea mti wa kuweka hapo.”

Alienda. Akarudi amebeba propela mbele ya wageni wote, mavi ya kuku yakimchafulia shati la kanisa, na hakuna aliyesimama kumsaidia.