Mama Dizeli na Difu ya Mbele

Jina la Mama Dizeli alipewa na mumewe, wala hakupewa kwa mapenzi. Siku hiyo alileta chai gerejini, wateja watatu wamekaa kwenye benchi. Mumewe akapokea kikombe, akakinusa, akasema kwa sauti ya kusikika, "Hii chai imepita kwa mama dizeli." Wateja wakaangua kicheko. Tangu hapo hata mimi, niliyekuwa nashona viti vya magari chumba cha pili, ukuta mmoja na wao, nikawa namwita hivyo. Yeye aliitika. Angefanya nini?

Mikono yake ilinuka dizeli kweli. Kwa miaka kumi na tisa, kila mumewe alipofungua gia boksi au difu, vyuma vilitupwa kwenye beseni, naye akachuchumaa na brashi kuviosha. Mwanzoni aliosha tu. Baadaye akaanza kuuliza maswali. Majibu yalipozidi kuwa matusi akaacha kuuliza, akawa anatazama. Osha jino la gia mara elfu, mwisho litakuambia lenyewe linaumwa nini. Kufika mwaka wa kumi, yeye ndiye aliyekuwa anafunga difu zote za gereji ile. Mumewe alisimama na mteja mbele, ovaroli haina hata tone la grisi, anaeleza.

Mumewe tulimwita Injinia. Darasa la uinjinia alilipita kwa nje, kama wengi wetu, ila maneno alikuwa nayo. Mtu alileta gari linalogonga, akaondoka na gari linalogonga, na bado akashukuru.

Sasa, Mama Dizeli alikuwa na mdogo wake wa kiume, mtoto wa mwisho kwa mama yao, ndiyo maana alijulikana kama Kitinda. Alimbeba mgongoni tangu yeye mwenyewe ana miaka tisa. Kitinda alikuwa mtu mzima sasa, ana mke na watoto wawili, na gari lake la fowili, linalovuta kwa matairi yote manne, kuukuu lakini lenye nguvu. Kazi yake ilikuwa kuwapandisha milimani mafundi wa minara ya simu, pamoja na mapipa ya dizeli ya jenereta zao. Njia ya huko ilikuwa ya udongo mwekundu, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo.

Mwaka huo mvua zilianza mapema. Kitinda akaja gerejini tope limempanda mpaka kiunoni.

"Shemeji," akamwambia Injinia, "gari limenitia aibu. Nimekwama saa tano nzima. Tairi moja la mbele liko kwenye shimo linazunguka kama pia, la pili limekaa kwenye ardhi kavu, kimya, halina habari."

Injinia akacheka. "Hiyo ni kawaida ya difu. Unataka loki. Nyuma unayo tayari, tunakuwekea na ya mbele. Mlima utaupanda kama mbuzi."

Kwa asiyejua, difu, zile gia zinazogawa nguvu kati ya tairi la kushoto na la kulia, ni kama mama mwenye watoto wawili anayempa chakula chote yule anayejirusha chini, na mtulivu akalala na njaa. Loki inawafunga wale watoto wawili pamoja: wanakula sawa, wanakwenda sawa. Ziko za namna nyingi, lakini siku ile mezani zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya swichi: unakaa kwenye usukani, unabonyeza, pampu ndogo inasukuma upepo, difu inafunga, unabonyeza tena, inaachia. Hiyo ilibidi iagizwe, isubiriwe wiki tatu. Nyingine ilikuwa ya kujifunga yenyewe kila unapokanyaga mafuta. Hiyo Injinia alikuwa nayo kwenye shelfu, kwenye boksi lililopauka kwa vumbi, miezi minane haijapata mtu.

"Chukua hii," akasema Injinia. "Haina pampu, haina waya, haina cha kuharibika. Kesho kutwa uko barabarani."

Mama Dizeli akainuka kutoka kwenye beseni.

"Kwa nyuma, sawa," akasema. "Kwa mbele, hapana. Matairi ya nyuma yanasukuma tu. Ya mbele yanasukuma, halafu yanakata kona. Kwenye kona, la nje linakwenda njia ndefu kuliko la ndani. Ukiyafunga pamoja na chini kuna utelezi, utakata usukani mpaka mwisho na gari litakwenda kule kule linakotaka. Ile ya swichi anaifungua kabla ya kona. Hii haimuulizi mtu. Asubiri wiki tatu."

Alisema kwa upole na kwa ufasaha. Nilikuwa mlangoni na sindano mkononi; nilielewa hata mimi, mtu wa vitambaa. Benchi lote lilielewa. Hilo ndilo lililomuudhi Injinia.

"Jamani," akasema akiwageukia wateja, "mmeona maajabu? Wanaume wanazungumza magari, beseni linajibu."

Watu wakacheka. Na Kitinda naye akacheka. Hakuwa na ubaya, alitaka tu kumfurahisha shemeji yake. Lakini alicheka, kisha akaongeza la kwake: "Dada, wewe tuoshee vyuma."

Mama Dizeli akachuchumaa tena. Brashi ikaendelea.

Kesho yake asubuhi, Injinia hajafika, Kitinda akarudi peke yake. Haya yaliyofuata aliniambia Mama Dizeli mwenyewe, miaka baadaye, na sijui kwa nini alinichagua mimi.

"Dada," akasema Kitinda, "nimelifikiria lile neno lako. Ingekuwa gari ni lako, ungeweka ipi?"

"Jibu lilikuwa hapa," Mama Dizeli aliniambia, akashika koo lake. "Neno moja tu, swichi. Nikaliona lilivyo tamu kulinyima. Nikalimeza."

Akamjibu bila kuinua uso: "Muulize Injinia. Mimi naosha vyuma."

"Dada, jana nilikuwa natania."

"Na mimi nimekasirika? Muulize aliyesoma."

Kitinda akasimama kidogo, akichezea funguo zake. Kisha akasema, "Haya basi, wekeni hiyo hiyo," akaenda zake kunywa chai.

Aliifunga Mama Dizeli kwa siku mbili. Hajawahi kufunga difu vizuri kama ile. Alipaka rangi kwenye meno ya gia, akazungusha, akatazama alama, akafungua yote, akabadilisha kipande chembamba cha chuma, akafunga upya. Mara nne. Nilimuuliza siku ile mbona anajitesa hivyo. Akanijibu, "Sitaki mtu apate pa kunisemea." Nikadhani ni mapenzi kwa mdogo wake.

Walilijaribu gari kwenye bonde la tope nyuma ya karakana za maseremala. Likapanda, kweli, kama mbuzi. Kitinda akapiga kelele za furaha, akamkumbatia Injinia. Aliporudi, akasema, "Ila usukani unanivuta, kama vile unashindana na mimi."

"Ni mpya," akasema Injinia. "Mtazoeana."

Mama Dizeli alikuwa hatua tatu kutoka hapo, anafuta mikono. Alisikia. Akaenda kuanika kitambaa.

Wiki mbili na siku moja baadaye, mchana wa saa saba, mvua inanyesha, Kitinda alikuwa anashuka kutoka mnarani na mapipa mawili yaliyobaki na dizeli. Mafundi wawili walikuwa wamesimama nyuma. Hao ndio waliosimulia. Walisema kwenye kona ya tatu matairi ya nyuma yalianza kuteleza, Kitinda akakanyaga mafuta kidogo ili alinyooshe, akakata usukani kushoto. Waliyaona matairi ya mbele yamegeuka kushoto. Gari likaendelea mbele, polepole, bila haraka yoyote, kama mtu aliyeitwa na mwenzake. Wao waliruka. Kitinda hakuruka, alibaki anaukata usukani ambao ulikuwa umeshakatwa mpaka mwisho. Gari lilitumbukia korongoni, pipa moja likavunja ukuta wa nyuma ya kiti, likampata mguu wa kulia kwenye pedali. Hospitalini waliukata chini kidogo ya goti.

Hapo ndipo ukatili wenyewe ulipoanza, maana lile la korongoni lilikuwa ajali tu.

Familia ikakutana nyumbani kwa mama yao. Mjomba wao, mwenye sauti kuliko wote, akauliza nani alilitengeneza gari. Injinia akakohoa, akanyoosha kola.

"Mimi nisiseme uongo mbele ya wakubwa," akasema. "Gereji ni yangu. Lakini mkono uliofunga ile difu si wangu. Ni wa binti yenu."

Macho yote yakamhamia Mama Dizeli. Wifi yake, mke wa Kitinda, akamrukia, wakamshika. Mama yao hakuinuka. Alimtazama binti yake, akasema, "Nilikuzaa wewe kwanza ili huyu apate mtu wa kumwangalia. Kumbe nilijisumbua." Kisha akaomba maji ya kunywa, akampokonya kikombe Mama Dizeli aliyemletea, akampa mtoto mwingine akamchotee.

Kwa wiki mbili hakuna aliyemsalimia. Wateja walimkwepa. Injinia aliwaambia watu kwamba makosa ni yake yeye kwa kumwonea huruma mwanamke. Usiku walilala chumba kimoja.

Kampuni ya minara ikaleta mkaguzi wake, mzee mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Gari lilishavutwa na kutupwa uani kwetu. Mjomba alikuwepo, wifi, na nusu ya mtaa. Mkaguzi akafungua difu ya mbele mwenyewe. Akapima nafasi kati ya meno kwa saa yake ndogo ya kupimia, akatazama alama za rangi, akakaza kila bolti kusikia kama imelegea. Ilichukua saa nzima. Akainuka, akapangusa magoti.

"Nani alifunga hii?"

"Mke wangu," akasema Injinia upesi.

"Yuko wapi?"

Mama Dizeli akajitokeza. Mkaguzi akamtazama mikono kwanza, kisha uso.

"Mama, mimi nina miaka thelathini na mbili kwenye kazi hii. Sijaona difu iliyofungwa safi hivi. Hakuna kilichovunjika hapa, hata pini. Kifaa kimefanya kazi yake kama kilivyotengenezwa." Akawageukia watu. "Kosa si kufunga. Kosa ni kuchagua. Kwa njia ile, gari lile, hii haikupaswa kuwekwa mbele. Nani alimshauri?"

Benchi lote likamtazama Injinia. Injinia akasema, "Mteja alichagua mwenyewe." Na wale wale waliocheka siku ile wakakumbuka sasa kwa sauti kubwa kwamba Mama Dizeli alikataa, alikataa mbele ya watu, na akatukanwa. Mjomba akavua kofia. Wifi akalia, akamshika Mama Dizeli mikono ile ile yenye dizeli, akamwomba radhi.

Mama Dizeli akaipokea.

Jioni hiyo akaenda hospitali, akidhani habari nzuri itakuwa imetangulia. Ilikuwa imetangulia. Kitinda alikuwa amekaa, mto chini ya paja.

"Nasikia umesafishwa," akasema.

"Mkaguzi kasema..."

"Nimesikia alichosema. Ulinikataza mbele ya watu. Mimi nikacheka, nilikosa. Lakini nilirudi asubuhi, dada. Nilirudi peke yangu. Nilikuuliza."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Basi nenda," akasema Kitinda. "Usije tena mpaka nikuite." Neno hilo hakumwambia mtu mwingine, hata mkewe. Alimwachia dada yake kazi hiyo.

Yaliyotokea baada ya hapo yangemchekesha mtu mwenye roho mbaya. Habari za mkaguzi zilienea. Watu wakaanza kuja kutoka mbali na magari yao, wanamtaka yeye. Injinia, ambaye aibu haikumkaa mwilini hata siku tatu, akaandikisha ubaoni kwamba hapa yupo bingwa wa difu, akamchorea na picha. Mama Dizeli akapata kiti, akapata msaidizi wa kuosha vyuma. Mumewe alimsemesha kwa adabu mbele ya watu. Yeye alimjibu kwa habari za kazi tu, nyumbani na gerejini, bolti na oili na saa ya kufungua. Mwanaume yule aliyeishi kwa maneno akakosa hata moja la kula nalo chakula cha jioni. Sikumwonea huruma, na Mama Dizeli hakumwonea pia. Mteja akiuliza loki ipi aweke mbele, Mama Dizeli alimkalisha, akamchorea chini kwa kijiti, akamuuliza njia zake, mizigo yake, kona zake. Wengine walichoka, wakataka kuondoka. Aliwashika mkono.

Mwaka wa pili Kitinda alimwita. Alimkuta amekaa kibarazani, gongo lake la kutembelea limeegemea ukuta.

"Umekuja kufanya nini?" Kitinda akauliza, ingawa yeye ndiye aliyemwita.

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Kwa lipi?"

"Unalijua."

"Mimi nalijua. Mama halijui. Mjomba halijui. Mke wangu anakuombea dua kila siku kwa kukuonea. Waite wote, uwaambie kwamba nilikuuliza na ukanyamaza. Ukishasema, mimi nimekusamehe siku hiyo hiyo, mbele yao."

Mama Dizeli akasema atasema wiki ijayo.

Aliponisimulia haya alikuwa amekaa kwenye kiti nilichokuwa namshonea mteja, kitambaa kipya bado kina mkunjo. Nikamuuliza ana ugumu gani, neno lenyewe ni moja. Akaniambia kwamba katika maisha yake yote watu wamemheshimu kwa miaka miwili tu. Akainuka, kulikuwa na gari linamsubiri.

Wiki ile ikapita, na nyingine. Mwaka wa sita mama yao akafariki, akiwa anamsifia binti yake kwa kila aliyekuja kumjulia hali. Mazikoni Kitinda alisimama upande mmoja wa kaburi na dada yake upande wa pili. Wifi alimshika mumewe kiunoni, maana udongo uliochimbwa ulikuwa laini na gongo lilikuwa linazama. Mama Dizeli alipiga hatua moja kwenda kumsaidia. Kitinda akatikisa kichwa, naye akarudi alipokuwa.