Majike Watatu wa Siku ya Nane

Květuše Kadlecová alilea kupe wa utafiti kwa miaka thelathini na moja. Nilikaa naye chumba kimoja pale taasisi, meza zetu zikitazamana, na nasema kweli: subira kwa binadamu hakuwa nayo. Yote aliwapa majike wake.

Jike wa kupe akishiba damu hudondoka, na protini ya kiini cha yai hupanda mwilini mwake. Akianza kutaga, inashuka, akimaliza, anakufa. Daktari Hynek Vaculík, mkuu wa utafiti wetu, alitaka vipimo vya protini hiyo vya siku kumi na mbili mfululizo: kila siku majike watatu wagandishwe saa tatu asubuhi, wasubiri kupimwa. Alimwahidi Květuše kuwa safari hii jina lake litakaa juu ya makala pamoja na ya wasomi, si kule chini kwenye shukrani.

Siku ya nane ikaangukia Jumamosi. Huku kwetu Ijumaa mchana mji mzima umeshahamia kwenye vibanda vya msituni. Hata ukifa, utasubiri Jumatatu. Květuše akabeba majike watatu katika chupa ya haradali, watatu wa Jumapili katika chupa nyingine, na sanduku la barafu, ili awagandishe huko, kila kundi siku yake, asubuhi saa tatu kamili. Chupa ya haradali akaiweka dirishani.

Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi mumewe, Zbyněk, akarudi kutoka kuokota uyoga. Akamkagua mbwa wao, akamng'oa kupe mmoja, na kama wanaume wote wa hapa, akatafuta chupa ya kumtosa kwenye pombe. Akaiona ile, tayari ina watatu. Akamtia na wa mbwa, akajaza pombe kali ya plamu.

"Nimekusaidia, mama," alisema. "Wako wanne, wanene kama zabibu."

"Zbyněk, hao ni wa kazini."

"Sasa mbona unawaleta kwenye mapumziko?" Akaona uso wake, akalegeza sauti. "Basi gandisha wa kesho, useme ni wa leo. Kwani kupe ana kitambulisho?"

"Hana. Ninacho mimi, na jina litakaloandikwa ni langu."

Wa Jumapili akawagandisha siku yao, saa tatu kamili.

Jumatatu alisimama mbele ya Daktari, amevaa ndara zake za ofisini. "Siku ya nane sina. Mume wangu amewalewesha."

Daktari hakuinua hata macho. "Usijali, Bi Kadlecová. Hiyo nilishaijaza tangu Alhamisi, kwa kukisia. Lazima iwe katikati ya siku ya saba na ya tisa."

Nilimwonea huruma Daktari, wallahi. Květuše alitoa kifutio mfukoni, akakiweka juu ya karatasi ya vipimo.

"Futa nambari hiyo, au futa jina langu. Fanya upesi, kahawa yangu inapoa."

Daktari alifuta nambari. Tukaanza upya na majike wapya, wiki tatu nzima, Daktari amenuna. Kipimo cha siku ya nane kilipotoka, kilikuwa juu kuliko vyote. Hakikuwa katikati ya chochote. Daktari alikisoma mara mbili, akaenda mwenyewe kumchemshia Květuše kahawa.