Sahani ya Peke Yake

Kwetu Mishomoroni watoto wote wa nyumba hula sinia moja, na msimamizi ni mavyaa, mama mzazi wa mume wangu. Basi siku alipomtengea binti yangu sahani yake, kule pembeni karibu na mlango, moyo uliniuma. Mtoto ana miaka minne. Alikula huku akijikuna nyuma ya magoti.

"Ni upele huo, mwanangu," mavyaa aliniambia. "Usije ukawashika na wenziwe."

Hata mimi niliamini ni upele. Nilichemsha nguo, nikaanika magodoro juani, nikamsugua kwa sabuni kali ya dawa asubuhi na jioni. Ngozi ikazidi kukauka, ikapasuka kwenye vikunjo vya viwiko, ikaanza kutoa majimaji. Mwisho nikampeleka zahanati, nimejiandaa kugombana na yeyote atakayetukunjia uso.

Daktari, mwanamke wa makamo, hakukunja uso. Alimpanua mtoto vidole akaangalia katikati yavyo, mahali upele hupenda kuanzia; palikuwa safi. Akamkunjua viwiko, akapapasa pale palipokunwa mpaka pakawa peusi na pagumu. Kisha akauliza, "Nani mwengine anajikuna nyumbani?"

"Hakuna."

"Na huyu analala na nani?"

Analala na mimi na dada yake, kitanda kimoja. Nilipokuwa najibu ndipo nilipojiona mjinga: ungekuwa upele, sote tungekuwa tunajikuna. Akauliza kama kuna pumu katika ukoo. Nikamwambia baba yake anayo.

"Huu ni ukurutu, ugonjwa wa ngozi unaokwenda na pumu katika ukoo," akasema. "Utakuja na kupoa, lakini hauambukizi. Sabuni kali acha. Akitoka kuoga tu, mpake mafuta mazito yasiyo na manukato." Akaniandikia na dawa ya kupaka kwenye vidonda.

Nilimwomba arudie hilo la kuambukiza. Akarudia. Nililia pale pale kitini bila haya, kwa jinsi nilivyofarijika.

Nyumbani nilimweleza mavyaa yote, kwa sauti iliyopanda kidogo kupita adabu. Wakati wa chakula aliirudisha ile sahani jikoni kwa mkono wake, akawasogeza watoto, akaacha nafasi ubavuni pake.

"Njoo, mamangu, ule na wenzio."

Binti yangu alisogea mpaka kwenye jamvi, akasimama. Akanyoosha mikono yote miwili na kuigeuza huku na huku, ili nyanya yake aikague kwanza.