Chumba cha Mashoto

Dada yangu anasomea usanifu wa vyumba, na tangu aanze nyumba yetu haina raha. Utakuwa unakunywa chai yako, yeye anakupima goti. "Tulia wewe, nakutafutia kiti." Huchora kwa mkono wa kushoto, na ubavu wa kiganja chake ni mweusi siku zote kwa kupita juu ya mistari yake mwenyewe. Mama humwita Mashoto.

Mwalimu wao amewataka wabuni chumba kinachofanana nao. Cha kwanza alimrudishia: "Kizuri, ila wewe humo sikuoni." Kesho anapeleka cha pili, na kikikataliwa anarudia mwaka. Kwa hiyo leo amekichora kwa chaki uani, ukubwa wake halisi, akatuamuru tuingie. Mama akatangulia, sufuria mkono wa kushoto, wa kulia ukipapasa hewa kutafuta kitasa.

"We Mashoto, mlango umeuweka kinyume! Na swichi je? Utafeli, mwanangu, futa haraka."

Dada hakufuta. Alikuwa amechuchumaa, chaki mdomoni kama sigara, akimtazama mama anavyojigonga kwenye kuta ambazo hazipo.

"Sasa mtu ataishije humu?"

"Kama mimi ninavyoishi mle," akasema, akiionyesha nyumba yetu kwa kidevu.

Mama akaguna. Akahamishia sufuria mkono wa kulia, akafungua mlango wa chaki kwa wa kushoto, akaingia polepole kama mgeni.

"Haya," akasema, "nionyeshe jiko liko wapi."